Tuliua Masjala, Sasa Tunahangaika na "Mkataba_mwisho_kweli"

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja kasoro jioni, ile saa ambayo kila mtu ofisini ameshafunga begi lakini anajifanya bado ana kazi. Simu ya mezani ikalia. Wakili wa mteja wetu. Anataka nakala ya mkataba tulioingia na huyo mteja, ule uliosainiwa, maana kuna ubishi wa malipo na Jumatatu asubuhi tunakaa mezani. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, dakika tano tu wakili, nakutumia sasa hivi.

Nikafungua folda ya pamoja. Ndani ya folda ya mteja kuna folda inaitwa Mikataba, ndani yake Mikataba mipya, ndani yake Mpya 2, na huko chini sasa ndo nikakutana na ukoo mzima: Mkataba_mwisho. Mkataba_mwisho_kweli. Mkataba_mwisho_bosi kapitia. Mkataba_mwisho_USIGUSE. Nakala ya Mkataba_mwisho_USIGUSE. Na moja imeitwa tu "aaaa", ambayo kwa tarehe ndiyo ilikuwa mpya kuliko zote.

Nikazifungua zote sita nikazipanga kwenye skrini. Kifungu cha 9 ndo cha malipo. Mbili zinasema mteja alipe ndani ya siku 30, tatu zinasema siku 60, na ile "aaaa" inasema 45 halafu imepakwa rangi ya njano na pembeni mtu kaandika "tumuulize". Tumuulize nani? Aliyeandika alishaacha kazi miezi minane nyuma. Na ubishi wenyewe, kama hujanielewa bado, ulikuwa ni wa siku za malipo.

Tukahamia kabatini. Hamna. Tukapekua imeili. Saa mbili usiku dada wa mapokezi akaipata skani kwenye imeili yake, tukashangilia kama timu imefunga goli, mpaka tulipohesabu kurasa. Mkataba una kurasa 12, skani ina 11. Ukurasa wa 4 haupo, skana ilivuta karatasi mbili kwa mpigo na hakuna aliyeangalia. Kifungu cha 9 kiko ukurasa wa ngapi, sihitaji hata kukwambia.

Nakala halisi ilipatikana Jumapili, kwenye buti la gari la bosi, ndani ya begi alilokuwa amesahau kama analo. Siku 60. Yaani mteja alikuwa sahihi muda wote na sisi ndo tulikuwa tunamwandikia barua za madai kabla ya wakati wake.

Sasa watu wakiniuliza kwa nini nashupalia hizi softwea za nyaraka huwa natoa kisa hiki kwanza. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kidogo, maana utadhani shida yetu ilikuwa uzembe. Uzembe ulikuwepo, sikatai. Ila kuna kitu kingine kilitokea miaka kadhaa kabla ya hiyo Ijumaa, na nimegundua kimetokea kwenye ofisi nyingi tu: tuliua masjala.

Waliokulia kwenye kompyuta huenda hawajawahi kuiona masjala inayofanya kazi, so wacha niieleze. Nilipoanza kazi kulikuwa na chumba chenye dirisha dogo, na nyuma ya dirisha kuna mzee. Huingii ndani. Unasimama dirishani unataja namba ya jalada, yeye anaenda anarudi nalo, anafungua daftari kubwa, unaandika jina, tarehe, unasaini. Jalada likiwa kwa mtu mwingine anakwambia pale pale, "lipo kwa fulani tangu Jumanne, mfuate." Hatoi nakala ya pili ili kukufurahisha. Jalada ni moja, kazi inafanyika kwenye hilo hilo moja.

Na kila karatasi iliyoingia kwenye jalada alikuwa anaipa namba kwa kalamu nyekundu, pembeni juu kulia. 1, 2, 3 mpaka mwisho. Ukirudisha anapitisha kidole kwenye zile namba haraka haraka kama anahesabu noti. Siku moja nilirudisha jalada akafika katikati akasimama. "17, 18, 20. 19 iko wapi, kijana?" Ilikuwa mezani kwangu, nilikuwa nimeichomoa nikaitoe kopi. Nilirudi mbio kuifuata, na sikurudia tena ule mchezo.

Halafu zikaja kompyuta, ikaja seva, ikaja folda ya pamoja, mzee akastaafu, na kile chumba kikawa stoo ya wino wa printa. Hakuna aliyeona kama tumepoteza kitu, tulifurahi kweli, sasa kila mtu anafungua anachotaka akiwa mezani kwake bila kupanga foleni dirishani. Tulidhani tumeondoa makabati. Kumbe aliyeondoka ni mzee, kabati tumebaki nalo, tena limekuwa kubwa mara mia na milango iko wazi.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yote. Ukiisikia softwea ya kusimamia nyaraka ukafikiri ni sehemu kubwa zaidi ya kuhifadhia mafaili, utaona ni anasa, kwa sababu sehemu ya kuhifadhia tayari unayo. Ila chukua kila kitu alichokuwa anafanya yule mzee ukilinganishe. Namba ya jalada: mfumo unaupa kila waraka namba yake ambayo haibadiliki hata ukibadilisha jina la faili. Daftari la kusaini: mfumo unaandika nani kafungua, nani kahariri, nani kachapa, saa ngapi. "Lipo kwa fulani": ukiuchukua waraka kuuhariri, wenzako wanauona umefungwa na jina lako liko pale, wanaweza kuusoma ila hawawezi kukuandikia juu yake mpaka uurudishe. Kalamu nyekundu: kila ukirudisha inazaliwa vesheni, ya 1, ya 2, ya 3, na zile za nyuma hazifutiki, zinakaa chini yake, unaweza kurudi kuona Machi ulikuwa unasemaje. Faili ni moja, jina ni moja. Ule ukoo wa Mkataba_mwisho hauna pa kuzaliwia.

Folda ya kawaida haifanyi hata kimoja kati ya hivyo. Haijui mkataba ni nini, haijui mteja ni nani, inajua majina na tarehe basi, na hata hiyo tarehe inabadilika mtu akifungua faili akabonyeza kusevu kwa bahati mbaya. Tena ukiendelea kuweka folda ndani ya folda ndani ya folda, iko siku Windows yenyewe itagoma kukufungulia, maana kwa kawaida njia nzima ya faili, majina ya folda zote pamoja na jina la faili, mwisho wake ni herufi 260. Sisi tuligonga huo ukuta. Kuna ripoti ilikuwa inaonekana kwenye orodha lakini haifunguki, kijana wa IT akacheka mpaka akakaa chini, akatuambia mmeandika insha, siyo majina.

Nasema ofisi za taaluma makusudi. Mawakili, wahasibu, wakaguzi wa hesabu, wahandisi, wasanifu majengo, washauri. Duka likipoteza karatasi bado lina bidhaa kwenye shelfu. Sisi karatasi ndiyo bidhaa yenyewe. Mteja haondoki na kitu cha kushika zaidi ya waraka, na siku akirudi kugombana, anagombana juu ya waraka. Isitoshe, wenye taaluma zao wameshaandikiwa sheria za kutunza. Mkaguzi wa hesabu, kwa viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ile ISA 230, anatakiwa jalada la ukaguzi liwe limekusanywa na kufungwa ndani ya siku 60 kwa kawaida kutoka tarehe ya ripoti yake, na baada ya hapo haruhusiwi kuchomoa kitu mpaka muda wa kutunza uishe, muda ambao kwa kawaida haupungui miaka 5. Mawakili na wahasibu wanaoshika miamala fulani ya wateja nao wanaguswa na mapendekezo ya FATF, ile taasisi ya kupambana na utakatishaji fedha, kwamba kumbukumbu za mteja zitunzwe angalau miaka 5. Sasa niambie, kwenye folda ya pamoja utathibitishaje kwamba hakuna aliyegusa kitu baada ya siku ya 60? Huwezi. Utaapa tu.

Na hapa kuna watu wanateleza, wanadhani mfumo kazi yake ni kutunza tu. Kufuta nako ni kazi, tena ngumu kuliko kutunza. Kumbuka Arthur Andersen. Ilikuwa moja ya kampuni tano kubwa za uhasibu duniani, imeanzishwa Chicago 1913, ina wafanyakazi kama 85,000. Oktoba 2001, mteja wao Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, akiwa anaanza kuchunguzwa, mwanasheria wa ndani akaandika imeili kuwakumbusha wenzake sera ya kampuni kuhusu nyaraka, na wiki zilizofuata watu wakachana makaratasi na kufuta mafaili kwa wingi mpaka hati ya wito ya serikali ilipofika Novemba. Juni 2002 kampuni ikatiwa hatiani kwa kuzuia haki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuitengua hiyo hukumu 2005, majaji wote kwa sauti moja, lakini kutengua kwa nani tena? Kampuni ilikuwa imeshakufa, wafanyakazi wameshatawanyika.

Ninachokiona mimi kwenye ile habari ni kwamba sera ya kufuta walikuwa nayo. Kwenye makaratasi. Ikakumbukwa siku mbaya kuliko zote. Mfumo mzuri unakuwekea muda wa kila aina ya waraka tangu siku unapoingia, na muda ukifika unakuletea orodha, hizi zimefika, nani anaidhinisha zifutwe, anasaini, inaandikwa. Kukitokea kesi au uchunguzi unaweka zuio kwenye jalada zima, hakuna anayefuta, hata bosi, mpaka zuio liondolewe. Tena siku hizi mtu anaweza kukudai ufute taarifa zake, Ulaya tangu Mei 2018 sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inampa haki hiyo kwa masharti yake, na nchi nyingi zina sheria zinazofanana na hiyo. Huwezi kufuta usichojua kiko wapi. Nakala ya kitambulisho cha mteja iko kwenye folda, na kwenye imeili tatu, na kwenye flashi ya mtu, na kwenye WhatsApp ya dereva. Utafuta ipi?

Wacha niseme kidogo kuhusu skani, maana ndo kosa la kwanza la kila ofisi ninayoijua, na letu pia. Bosi akishakubali, kitu cha kwanza anasema "haya, skanini kila kitu." Hapana jamani. Skani ni picha tu. Ukipiga picha ya ukurasa halafu ukaiita Skani0047, umehamisha vumbi kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta. Ili itafutike lazima programu ya kusoma maandishi ipite juu yake igeuze picha kuwa maneno, na hiyo inataka skani safi, nukta 300 kwa inchi ndo kiwango ambacho wengi wanakitumia, na ukurasa ulionyooka. Mhuri uliopigwa juu ya tarakimu, mwandiko wa mkono, faksi iliyofifia, hapo inakuandikia maajabu, so ile namba muhimu lazima jicho la mtu liipitie.

Na wakati mwingine hata picha yenyewe inadanganya! Mwaka 2013 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kompyuta, David Kriesel, aliletewa malalamiko kwamba mashine ya Xerox imetoa kopi ya ramani ya nyumba yenye mushkeli. Ramani halisi ina vyumba vitatu, mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Kwenye kopi vyumba vyote vitatu vilikuwa 14.13. Mashine, ili faili liwe dogo, ilikuwa inatafuta vipande vya picha vinavyofanana inaweka kimoja badala ya kingine, na kwa macho yake 6 na 8 ni ndugu. Namba zinatoka safi kabisa, hazina hata ukungu wa kukushtua. Kampuni ilikuja kutoa marekebisho, ila fikiria mhandisi aliyeskani akachana karatasi halisi. Tangu nisome hiyo habari, kwetu mikataba na michoro haiskaniwi kwa ile mipangilio ya kubana faili sana, na halisi haichanwi mpaka mtu wa pili ahesabu kurasa. Ndiyo, kurasa. Sijasahau ule ukurasa wa 4.

Kwa vitu vya kukaa miaka mingi tunatumia PDF/A, kiwango kilichotoka 2005, ambacho fonti na kila kinachohitajika kimebebwa ndani ya faili lenyewe, halitegemei programu fulani iwepo baada ya miaka 15. Hilo ni dogo, napita.

Halafu kuna wale wa "karatasi haina virusi". Nawaelewa, kweli nawaelewa. Lakini karatasi ina moto. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani karibu na St. Louis lilishika moto usiku, likachukua siku kadhaa kuzimika, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Hayakuwa na nakala. Hayakuwa hata na orodha kamili ya kusema nini kilikuwepo, yaani ulipotea mzigo na hati ya mzigo. Yale yaliyoloa maji ya kuzimia moto waliyakausha kwenye chumba kikubwa cha kunyonya hewa, cha kiwanda kilichokuwa kinajaribia mambo ya safari za anga za juu. Watu walikuja kuhangaika miaka na miaka kuthibitisha kwamba waliwahi kuwa askari.

Sasa nisije nikaonekana nauza softwea. Kompyuta nazo zinaungua kwa namna yake. Juni 27, 2017, programu hasidi ya NotPetya ilipita duniani kama upepo, kampuni ya sheria ya DLA Piper ikakosa imeili na simu kwa siku kadhaa, na kwenye ofisi yao moja Washington waliweka ubao mlangoni unaowaambia wafanyakazi msiwashe kompyuta. Maersk wa meli nao ikawapiga, zile seva zao za kutambua watumiaji zikafutika karibu zote duniani isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Umeme! Kukatika kwa umeme kumeokoa kampuni. Kwa hiyo mfumo bila bakapu ni bure, na bakapu iliyounganishwa muda wote na seva hiyo hiyo ni kama ufunguo wa akiba ulioning'inizwa kwenye kitasa. Kanuni ya zamani ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Na mara moja moja ujaribu kurudisha faili kutoka kwenye bakapu, maana sisi tulikaa mwaka mzima tukijua tunayo, siku ya kujaribu ikatoa folda tupu.

Kuna swali mawakili huwa wananirushia: mahakama itakubali nakala ya kwenye kompyuta? Sheria ya nchi yako ndiyo itakujibu, kwa hiyo soma hiyo kwanza. Lakini tangu 1996 Umoja wa Mataifa kupitia UNCITRAL, tume yake ya sheria za biashara, walitoa sheria ya mfano ya biashara ya kielektroniki, na nchi nyingi zimeichota kutoka hapo, inayosema waraka usinyimwe nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Panapotakiwa "halisi", wanaangalia kama kuna uhakika kwamba haujaguswa tangu ulipokamilika. Na hapo ndo mfumo unakubeba. Waraka unapofungwa, unakokotolewa alama yake, kama alama ya kidole. Njia moja ya kuikokotoa, inaitwa SHA-256, inatoa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha hata mkato mmoja ndani ya kurasa 200 zile 64 zinatoka nyingine kabisa. Weka hiyo pamoja na daftari la nani kafungua lini, una kitu cha kumwonyesha hakimu. Kwa faili la kwenye folda ya pamoja unalo neno lako tu.

Tulivyoanza sisi, nikiri, tuliharibu. Tulikaa kamati, tukaamua kila waraka unaoingia ujaziwe vitu 14: mteja, kazi, aina, idara, mwaka, usiri, lugha, mhusika, mhusika msaidizi, sikumbuki vingine. Tulijiona wasomi kweli. Wiki ya tatu nikapita mezani kwa watu nikakuta flashi. Kila mtu ana flashi, anafanya kazi kwenye flashi, Ijumaa jioni anapakia vyote kwa mkupuo na aina ya waraka kaweka "Mengineyo". Asilimia kubwa ya ofisi ilikuwa inazalisha mengineyo. Hatukuwa na haki ya kuwalaumu. Mtu ana dedilaini, unamwekea kizuizi chenye maswali 14, atapita porini.

Tukapunguza yakabaki manne: mteja, namba ya kazi, aina ya waraka kutoka kwenye orodha fupi, na tarehe, tena tarehe inaanza na mwaka, 2023-06-09, ili zijipange zenyewe. Mawili ya kwanza mfumo unajaza wenyewe ukiufungua ukiwa ndani ya jalada la kazi. Flashi zikapungua bila hata waraka wa onyo.

Kitu cha pili tulichokosea ni imeili. Tuliacha imeili nje, kumbe nusu ya makubaliano yetu na wateja yako humo, mteja anaandika "sawa, endeleeni na hiyo bei" kwenye imeili ya mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka na sanduku lake la barua limefungwa. Sasa hivi imeili inasukumwa kwenye jalada la kazi kwa kubonyeza mara moja. WhatsApp bado inatushinda, sitajifanya. Tumekubaliana tu kwamba jambo la kimkataba likisemwa huko, aliyeambiwa anaandika imeili ya kuthibitisha siku hiyo hiyo.

Ruhusa pia. Ofisi ya taaluma inaweza kuwa na wateja wawili wanaogombania tenda moja, na timu ya huyu haitakiwi hata kuona kichwa cha habari cha nyaraka za yule. Kwenye folda ya pamoja tulikuwa tunategemea adabu.

Softwea ipi? Mawakili wengi wakubwa utawasikia na iManage au NetDocuments, wengine wako SharePoint kwa sababu tayari wanalipia vitu vya Microsoft, na wenye mfuko mwembamba na kijana wa IT mwenye moyo wanaweza kujaribu zile za msimbo wazi kama Mayan EDMS, OpenKM au Paperless-ngx. Mimi sina timu. Ninachoulizia ni vitu vichache tu: naweza kutoa nyaraka zangu zote pamoja na lebo zake siku nikitaka kuhama? Daftari la matukio linaweza kufutwa na msimamizi? Likifutika, msiniambie mnauza masjala. Na mtu asiyependa kompyuta anaweza kupata mkataba ndani ya dakika moja bila kumwita mtu?

Ya zamani hatukuyaskani. Kuna maboksi chini, marefu mpaka dari, na karatasi ya A4 ya kawaida ina gramu 5, so boksi lenye karatasi 2,500 ni kilo 12 na nusu, piga hesabu ya kuyapandisha ngazi. Tuliweka kanuni, kazi mpya zote zinaanzia kwenye mfumo, boksi la zamani linafunguliwa tu mteja akiuliza kitu chake, na likifunguliwa linaingia lote. Tumeacha kabati moja tu la chuma kwa hati ambazo uhalisi wake ni karatasi yenyewe, wosia, hati miliki, vyeti, na ufunguo anao dada wa mapokezi.

Mwezi uliopita mteja wa kitambo aliuliza kitu, tukashusha boksi lake. Jalada la kwanza ni la enzi za mzee. Nikapitisha kidole kwenye namba nyekundu, 1 mpaka 212, haijaruka hata moja. Jalada la mteja huyo huyo la miaka ya folda ya pamoja lina mafaili 389, kati ya hayo 61 ni nakala za nakala, na barua ya kufunga kazi hatujaipata mpaka leo.

Yale 212 yameingia yote. Kijana wa skana alikuwa ameweka nyeusi na nyeupe ili faili liwe dogo, nikamwambia arudie kwa rangi, zile nyekundu zionekane.